Barua Niliyopewa Niichape

Krrk. Kimya. Krrk tena.

Droo ya meza yetu ya chakula haijui kufunguka kwa siri. Lazima uinyanyue kwa goti ndipo uivute, na hata hivyo itakusemea kwa nyumba nzima. Alfajiri hiyo umeme ulikuwa umekatika, giza limekaba hadi kwenye kope, nami nikajiinua kitandani kusikiliza. Wazo la kwanza likawa kwamba mume wangu amerudi. Moyo wa mke ndivyo ulivyo. Hata mwizi unamdhania mume.

Hakuwa mume, hakuwa mwizi. Alikuwa binti yangu wa miaka sita, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Amepiga magoti juu ya kiti, anapapasa karatasi za kuchorea.

Nikamwambia kutoka mlangoni achukue zile za chini, zilizoandikwa upande mmoja, madaftari ayaache. Akauliza kama za chini ni zile za kisima. Nikasema ndiyo, achukue, arudi kulala.

Zikumbukeni karatasi hizo. Laiti ningezikumbuka mimi.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilipowaacha. Aliyefika leo asipotee: mume wangu ni mchungaji wa kanisa letu. Wiki sita zilizopita baraza la wazee lilimpa miezi mitatu ya likizo ya kuhuishwa, akapumzike na kusali kwenye nyumba ya mafungo kule mlimani. Hakuna mchungaji wetu aliyewahi kupewa kitu kama hicho. Watu walipiga makofi, mimi nikampigia pasi mashati saba.

Simu kule haziruhusiwi. Kinachoruhusiwa ni barua moja ya katikati ya likizo, kwa baraza, aeleze Bwana amemwonyesha nini na ni kitu gani kilichomkausha.

Mimi nilikijua kilichomkausha, au tuseme nilijua tangu lini. Miaka miwili sasa mahubiri ya mume wangu nayaandika mimi.

Ilianza Jumamosi moja. Alikaa mbele ya karatasi tupu tangu saa nane mchana hadi jua likazama, kisha akalaza kichwa mezani akaniambia hana neno hata moja la kuwapa watu. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, nafanya insha ya masomo yangu ya jioni. Nikaisukuma insha pembeni, nikamwandikia kurasa mbili. Kesho yake watu walilia kanisani. Jumamosi iliyofuata hakuniomba. Aliweka tu kalamu kando ya sahani yangu, kama mtu anavyoweka kijiko.

Sikuona dhambi. Niliona ndoa.

Wanasema vyaelea vimeundwa. Vya kwetu viliundiwa jikoni. Sentensi zangu nazitunga nikiosha vyombo; nazisema kwa sauti, nazigeuza kama sahani, nikiona doa nasugua tena. Chiriku hukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akinisikiliza, na mara nyingi huzishika kabla yangu.

Wiki aliyosafiri niliandika hotuba moja niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya Jumapili ya kurudi kwake. Nikaikunja karatasi, nikaificha kwenye sanduku lake, kati ya shati la tatu na la nne, na kidokezo juu: ukirudi bado mkavu, anzia hapa. Hakuna mwingine aliyepata kuisoma.

Basi. Tuendelee.

Wiki mbili baada ya yeye kuondoka alikuja wifi yangu, dada yake mkubwa, fundi wa nguo, na cherehani yake na mdomo wake. Alisema amekuja kunisaidia. Siku ya kwanza tu alinitazama nikifunga mkoba wa masomo, akaniuliza kama huko jioni wanatufundisha pia kupika, maana wali wake wa mchana alikuwa bado anautafuna.

Nikacheka. Wifi ni wifi.

Lakini ndani ya wiki hiyo hiyo watu kanisani wakabadilika. Kiongozi wa kina mama aliniuliza, kwa sauti ya kumpoza mgonjwa, kama bado naenda masomoni hata mume akiwa hayupo. Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono akasema ananiombea, na alipoulizwa ananiombea nini akatazama viatu vyake. Maneno yalikuwa yanatembea. Na maneno hayana miguu, lazima yabebwe na mtu.

Nikamtazama wifi. Nani mwingine analala kwangu na kuniona nikitoka saa kumi na moja na kurudi saa mbili?

Nilimwendea Jumanne hii, tukianika nguo. Nilimweleza kwa adabu kwamba kama ana neno juu yangu aniambie mimi, asipeleke kanisani. Alichukua pini ya nguo mdomoni, akaibana kwenye shuka bila haraka.

"Wifi," akasema, "mimi nikitaka kukusema navuta kiti, nakaa mbele yako, ndiyo nakusema. Kusema mtu mgongoni kunanichosha shingo."

Sikumwamini. Siku mbili tulipitana humo ndani kama wapangaji.

Sasa niwaeleze kuhusu bahasha.

Kila Alhamisi Katibu wa baraza, mwalimu mkuu mstaafu, huniachia bahasha ya kaki juu ya kompyuta ya ofisi ya kanisa. Ndani huwa na kila kilichoandikwa kwa mkono wiki hiyo: matangazo, ratiba, muhtasari wa vikao. Juu yake huandika nakala ngapi. Ni kazi ya kujitolea, nimeifanya miaka mitatu, na kwa miaka mitatu Mwalimu hajawahi kuchambua. Kikiandikwa kwa mkono kinaingia kwenye bahasha. Kikiingia kwenye bahasha kinachapwa. Niliwahi kuchapa orodha ya dawa zake za macho, nakala nane, na wazee wakagawiwa kikaoni.

Alhamisi hii aliandika: nakala nane, za wazee tu.

Nilichapa ratiba ya zamu za usafi. Nikachapa tangazo la mazoezi ya kwaya. Nikavuta karatasi ya tatu, nikauona mwandiko ninaoujua kuliko wangu.

Nilifurahi, jamani. Nataka mjue kwamba nilifurahi. Wiki sita sijaona hata herufi yake moja. Niliinusa karatasi ile kabla ya kuisoma.

Aya ya kwanza ilisema hivi: asubuhi ya nne, akiwa peke yake mlimani, Bwana alisema naye wazi, akamwambia kisima hakifi kwa kuchotwa, hufa kwa kuachwa.

Nikatabasamu peke yangu pale ofisini. Ilikuwa ile yangu. Asubuhi ya nne, naam, shati la tatu lilikuwa limekwisha valiwa. Nikasema moyoni, si kitu, Bwana anaweza kupita hata kwenye sanduku la nguo.

Nikachapa aya ya pili. Nikachapa ya tatu. Zilikuwa za shukrani kwa wazee.

Ya nne nawapa kama ilivyokuwa, maana ninayo kichwani hadi leo.

"Nimechunguza chanzo cha ukavu wangu, nikakikuta nyumbani mwangu. Mke wangu amependa madaftari kuliko huduma. Jioni narudi kwenye nyumba tupu. Miaka miwili nimeibeba kazi hii peke yangu, bila msaada wake hata wa mstari mmoja. Naliomba baraza limsaidie, aache masomo, akapumzike kwao pamoja na mtoto, mpaka nitakapopata nguvu. Nilikwisha kumdokeza Mwenyekiti haya kabla sijasafiri."

Nilisoma mara moja. Vidole vilikuwa vimeshafika katikati ya aya kabla kichwa hakijafika.

Hata wa mstari mmoja.

Mkoba wangu wa masomo alininunulia yeye. Siku ya kwanza alinisindikiza hadi kwenye geti, akaniambia nisome, ili nyumba yetu iwe na wasomi wawili. Na jioni anazozisema nyumba haikuwa tupu. Alikuwamo yeye na Chiriku na chakula chini ya kawa. Kisha nikarudi, nikala kilichobaki, nikamwandikia mahubiri.

Kumdokeza Mwenyekiti kabla hajasafiri. Kwa hiyo siku nilipokuwa nampigia pasi, alikuwa ameshanisema. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba nguo yenyewe umeipiga pasi wewe.

Sasa nikiri nililofanya, maana ndiyo ahadi ya safu hii.

Niliifuta aya ya nne. Kitufe kimoja. Barua ikabaki na aya tatu na salamu, safi, ya mtu aliyepumzika. Nani angejua? Wazee wasingeona mwandiko. Wao husoma nakala zangu. Nilikaa nikilitazama lile pengo jeupe kwa muda mrefu, printa ikinguruma kama inanihimiza.

Kisha nikairudisha.

Msinisifu. Haikuwa uadilifu. Niliirudisha kwa sababu aya ya kwanza ilikuwa yangu, na zile za shukrani kila mtu anazo, lakini hiyo ya nne yalikuwa maneno yake ya kwanza mwenyewe kwa miaka miwili. Alikuwa amepata cha kusema, mume wangu. Sikuwa na haki ya kukifuta.

Nikaweka na mikato aliyosahau. Mazoea yana taabu.

Nilikuwa naitoa nakala ya nane kwenye printa Katibu alipoingia akihema, miwani mkononi. Akasema huenda kuna karatasi moja imeingia kwenye bahasha kimakosa, ya siri ya baraza, kama sijaigusa nimrudishie tu.

"Nimeshachapa, Mwalimu."

Akaketi kwenye kiti cha wageni. Akaniuliza, taratibu, kama niliisoma.

"Mwalimu, mtu anachapaje bila kusoma?"

Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua. Mwisho akaniarifu kwamba kikao ni Jumamosi saa tisa, na kwamba nitaitwa. Nikamkabidhi nakala nane zikiwa zimepigwa pini.

Nyumbani wifi alikuwa anapindua kola. Nilisimama mlangoni nikamwomba radhi. Akauliza radhi ya nini. Nikasema ya kumdhania, maana nimempata aliyenisema.

"Nani?"

"Kaka yako."

Cherehani ikanyamaza. Nilimweleza aya ya nne, yote, isipokuwa sikumweleza kwa nini ule mstari mmoja uliniuma kuliko mingine. Siri ile nilikuwa bado naitunza. Kwa nani, na kwa nini, sikujiuliza.

Wifi akakata uzi kwa meno, akasema Jumamosi atakuja nami, atakaa kimya kama mtungi.

Ijumaa nilienda masomoni kama kawaida. Mwalimu wa hesabu akatuambia zimebaki wiki tano kabla ya mtihani wa mwisho. Niliandika tarehe kwenye kona ya daftari, nikaizungushia duara. Nilikuwa na matumaini bado. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikianguka kisimani nitaanza kwa kushukuru maji.

Jumamosi saa tisa.

Chumba cha wazee kina meza moja ndefu, viti tisa, na saa ya ukutani iliyo mbele kwa dakika saba. Mwenyekiti wetu ni fundi saa. Kila mtu ameshamaliza kulicheka jambo hilo, kwa hiyo halichekwi tena. Alinikaribisha kwa upole, akamvutia wifi kiti, akauliza kama mtoto hana pa kukaa. Hakuwa na pa kukaa. Nilikuwa nimemwambia achukue karatasi na penseli zake, akae sakafuni karibu na miguu yangu, asipige kelele. Akaingia chini ya meza kama mwenye nyumba.

Mwenyekiti alisema mengi na yote kwa sauti ya chini. Kwamba hakuna anayenihukumu. Kwamba uchovu wa mchungaji ni uchovu wa kundi zima. Kwamba baraza limeandaa karatasi ya makubaliano, fupi tu: nitaacha masomo kwa hiari, nitarudisha funguo za ofisi, nitaenda kwa wazazi wangu na mtoto wiki hii, nami nitabaki huko hadi mchungaji atakapoona yuko tayari. Akaisukuma mezani, kalamu juu yake.

Kalamu kando ya karatasi. Nikakumbuka kando ya sahani.

Wifi, mtungi wangu, akapasuka.

"Samahani wazee. Mtu akikauka, mke wake ndiyo jua?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akamjibu kwamba maneno haya si ya wazee, ni ya kaka yake mwenyewe, aliyoyapata katika maombi. Wifi akasema kaka yake anamjua tangu hajaota meno, na tangu hapo akivunja kikombe husema kimeanguka. Akaombwa anyamaze, akanyamaza kwa kishindo.

Ndipo Mwenyekiti akanigeukia mimi. Akaniuliza kama nina neno.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa mdomoni kama maji. Madaftari manne ya mahubiri yako kwenye droo, Jumapili mia moja na ushee, kila moja na tarehe yake. Ningeweza kumwomba Katibu anisindikize nyumbani, dakika kumi tu. Na baada ya dakika kumi mume wangu asingekuwa na mimbari, Chiriku asingekuwa na nyumba, maana nyumba ni ya kanisa, na yule mwanamume aliyenisindikiza hadi getini angechekwa hadi kaburini.

Nikisema, namzika. Nikinyamaza, najizika. Wiki tano za mtihani, duara kwenye kona ya daftari.

Nikasema sina neno.

Wifi alinitazama kama vile nimemtemea mate. Nikavuta karatasi ya makubaliano, nikashika kalamu. Chini ya meza penseli ya Chiriku ilikuwa inakwaruza. Nilitupa jicho, nikaona anachochora: nyumba, jua, mtu mwenye kola ya kichungaji. Kisha nikaona amechora nyuma ya nini. Upande wa pili wa karatasi ile, mwandiko wangu, mistari niliyoikata na kuiandika upya. Rasimu ya kisima.

Nikanyoosha mguu kuifunika. Kiatu cha Katibu, aliyekaa mkabala nami, kilikuwa kimetangulia kuikanyaga.

"Kabla hajatia sahihi," Mwenyekiti akasema, "ningependa tusikie tena sehemu ya mwanzo. Mama huyu aone kwamba hii si hasira ya mtu. Ni sauti ya Mungu."

Akaweka miwani, akasimama kabisa, kama wanavyosimama kusoma Injili. Akasoma nakala yangu, yenye mikato yangu. Asubuhi ya nne. Peke yangu mlimani. Bwana alisema nami wazi.

"Kisima hakifi kwa kuchotwa. Hufa kwa kuachwa."

Amina ikazunguka meza. Mzee aliyekohoa alifuta macho. Mwenyekiti akasema maneno kama haya hayatoki kwa mwanadamu, na kwamba yatachorwa kwenye kitambaa kikubwa cheupe, yatundikwe mlangoni siku mchungaji anaporudi.

Nilikuwa nimeandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Kichwa cha Chiriku kikachomoza kati ya goti langu na meza, penseli sikioni kama fundi, uso umejaa furaha ya mtu aliyesikia wimbo anaoujua.

"Hayo mama aliyasema akiosha vyombo."